Mwanadamu Hujifunza Namna Gani? Jibu kwa Wenzetu Wawili

Katika mkutano mmoja wa makatekista wenzetu wawili walishindana vikali mbele yetu sote, na sisi tulinyamaza. Tangu siku ile twaona haya, maana anyamazaye huhesabiwa kuwa amekubali. Basi leo tunaandika.

Wa kwanza ni mzee mwenye heshima, aliyefundisha dini miaka mingi kuliko umri wetu. Yeye alisema hivi: mtoto hujifunza kwa kurudia na kwa kuogopa. Arudie jibu la katekisimu hata limkae mdomoni, na akikosea aonje fimbo. Ndivyo sisi tulivyofundishwa, na tazameni, imani tunayo hata leo. Wa pili ni kijana, mwalimu wa shule, aliyekuwa amerudi juzi kutoka semina na daftari lililojaa majina ya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Yeye alijibu: saikolojia imekwisha kutoa hukumu. Kukariri ni kumwonea mtoto. Tuyatupe maswali na majibu, mtoto aachwe avumbue mwenyewe, na mwalimu akae pembeni.

Watu walimpigia mzee makofi, kisha wakampigia kijana makofi vilevile. Ndipo tulipojua kwamba hawakuwa wamemsikiliza hata mmoja.

Sisi twasema: wote wawili wamekosa. Mzee anamfundisha mtoto kana kwamba hana akili. Kijana anamfundisha kana kwamba hana haja ya mwalimu. Tena jambo hili si la mchezo, wala si ubishi wa watu waliosoma. Kila mwaka kabla ya Pasaka, hapa Kalemie na katika vijiji vyote vya pwani ya ziwa, makatekista hukaa mezani na orodha ya majina, wakipiga alama: huyu apokee Komunyo ya kwanza, huyu angoje mwaka mwingine. Anayepiga alama ile anahukumu kwa kadiri anavyodhani mtu hujifunza. Na asiyejua anachodhani huhukumu kipofu.

Tutoe mfano, na uwe wa kosa letu wenyewe, ili tusije tukaonekana kuwasema wengine tu. Miaka michache iliyopita tulikaa kwenye meza ya namna hiyo. Akaja msichana aliyekuwa akimsaidia mama yake kuuza ndakala sokoni. Tulimjua: mteja akitaka mafungu matatu ya bei hii na mawili ya bei ile, akatoa noti kubwa, msichana yule alikuwa amekwisha kumrudishia fedha yake kabla mteja hajafunga mfuko. Hakuandika kitu, hakuhesabu kwa vidole. Tukamwuliza: Sakramenti ni nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa maneno yake kwamba ni pale Yesu anapotugusa kwa kitu tunachoweza kukiona, kama vile maji. Kitabu chetu kilitaka maneno mengine, yenye mpango wake. Tukapiga alama: angoje.

Aliyemfuata alikuwa mvulana mwenye sauti nzuri. Alijibu yote neno kwa neno, bila kupumua. Tukapiga alama: apokee. Baada ya majuma mawili padri mgeni alipita, akawauliza watoto bila kufuata mpango wa kitabu. Alimwuliza mvulana yule: Nani aliyetuumba? Akajibu vema kabisa. Kisha padri akaruka kurasa nyingi, akamwuliza: Katika Hostia takatifu yumo nani? Mvulana akasema kwa sauti kubwa, bila wasiwasi wowote: Adamu na Eva. Maana swali lililofuata katika kitabu lilikuwa la wazazi wetu wa kwanza, na yeye alikuwa amejifunza mfululizo wa sauti, hakuna zaidi. Watoto wakacheka. Padri hakucheka. Alitutazama sisi.

Basi tangu siku hiyo tulianza kusoma kwa bidii yale tuliyoyapitia upesi seminarini, juu ya wataalamu walioshindana kwa zaidi ya miaka mia kuhusu swali hili: mwanadamu hujifunza namna gani? Tuwaeleze tuliyoyaona, tukianza na upande wa mzee wetu.

Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni, aliona kwamba mbwa wake walidondokwa na mate hata kabla ya kuona chakula, wakisikia tu ishara waliyozoea kuisikia kabla ya kulishwa. Mwili ulikuwa umejifunza kuunganisha kitu na kitu. Marekani, Edward Thorndike alikuwa amewafungia paka ndani ya masanduku (aliandika habari hizo mwaka 1898), akaona kwamba paka hujaribu hivi na hivi bila mpango, mpaka kwa bahati avute kamba inayofungua mlango. Na kila mara akirudishwa huchukua muda mfupi zaidi, kwa sababu tendo lililomletea faida hubaki na tendo lisilo na faida hupotea. Baadaye B. F. Skinner alifanya hayo kwa panya na njiwa kwa ustadi mkubwa. Kati yao alisimama John Watson, mtu wa majivuno, aliyedai kwamba akipewa watoto wachanga kumi na wawili wenye afya angeweza kumfanya yeyote kati yao kuwa mganga, mwanasheria au mwizi, kama apendavyo yeye.

Je, watu hao walisema uongo? La. Tusiwe wajinga. Walichokiona kipo, na kila mzazi amekiona. Lakini tazameni jambo moja alilofanya huyo Watson mwaka 1920 pamoja na msaidizi wake. Walimchukua mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka, wakamletea panya mweupe. Mtoto hakuogopa, akanyoosha mkono amguse. Ndipo wakapiga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake, kwa kishindo. Wakarudia hivyo mara chache. Kisha wakaleta panya bila kishindo, na mtoto akalia, akageuka kutambaa akimbie. Hata sungura alimwogopa sasa, ambaye hakuwa amemtenda neno. Leo hakuna chuo kingeruhusu kazi ya namna hiyo, na ni haki.

Sasa tumwulize mzee wetu kwa heshima zote: Baba, unapomchapa mtoto kila akikosea katika somo la Mungu, mtoto anajifunza nini? Anajifunza, hatukatai. Anajifunza kwamba kengele ya kanisa ikilia, fimbo i karibu. Tena hofu hiyo haikai kwa katekista peke yake. Inahamia kitabuni, inahamia altareni, inahamia kitubioni. Twawajua wanaume wazima katika mji huu, watu wema, wanaofanya kazi reli na bandarini, ambao hawajakaribia kitubio tangu utoto wao, na ukiwauliza sababu hawawezi kuieleza. Pengine kishindo cha nyundo kilikuwa nyuma ya kichwa chao.

Wala tusiseme kwamba kuipinga fimbo ni mambo mapya ya Wazungu wa siku hizi. Mtakatifu Agostino, Mwafrika, alipigwa shuleni alipokuwa mtoto, na katika Maungamo yake hakuona aibu kulisimulia, wala kusema kwamba alikuwa akimwomba Mungu asipigwe, na watu wazima walimcheka. Yeye aliyeichukia lugha ya Kigiriki kwa sababu ilifundishwa kwa vitisho, alikumbuka kwamba Kilatini chake alikipata akiwa mdogo katikati ya walezi wake wakimchekea na kucheza naye. Akatoa hukumu yake: hamu ya kujua iliyo huru hufundisha zaidi kuliko lazima yenye hofu. Haya aliyaandika miaka 1500 kabla ya Pavlov.

Tena kuna neno la lugha. Mwaka 1957 Skinner alitoa kitabu akitaka kuonyesha kwamba hata maneno tunajifunza kama njiwa anavyojifunza kudonoa, kwa malipo. Mwaka 1959 kijana mmoja, Noam Chomsky, alimjibu kwa ukali, na hoja yake kila mama wa Kalemie anaweza kuipima nyumbani. Mtoto wa miaka minne husema leo sentensi ambayo hakuna mtu aliyepata kuisema mbele yake. Hairudii, anaiunda. Hapa kwetu mtoto husikia Kitabwa kwa bibi yake, Kiluba kwa jirani, Kiswahili mtaani, halafu Kifaransa darasani, na akifika umri wa Komunyo anageuka kutoka lugha hii hadi ile kulingana na mtu anayesema naye. Nani alimchapa ili ajue? Nani alimlipa kwa kila neno? Akili ilikuwamo, ikafanya kazi yake.

Hata sokwe, kiumbe asiye na roho isiyokufa, hakukubali kuwa paka wa Thorndike. Mjerumani Wolfgang Köhler, katika kisiwa cha Tenerife wakati wa vita vya 1914, aliwachunguza sokwe. Mmoja, aitwaye Sultani, alikuwa na vijiti viwili vifupi, na ndizi ilikuwa mbali. Alihangaika, akaacha. Baadaye, akichezea vile vijiti, akaona kwamba kimoja chaweza kuingia ndani ya kingine. Mara akavichomeka, akakimbia na kijiti kirefu kuvuta ndizi. Aliona jinsi vitu vinavyohusiana, na akishaona hakuhitaji kurudia mara mia. Ikiwa sokwe huona, mtoto aliyeumbwa kwa sura ya Mungu tumfundishe kama asiyeona?

Hapo kijana wetu anafurahi na kusema: Si ndivyo nilivyosema? Polepole, ndugu. Sasa ni zamu yako.

Katika daftari lake jina kubwa lilikuwa Jean Piaget wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufa mwaka 1980. Huyu alikuwa mtu wa subira, aliyewatazama watoto wake mwenyewe na wengine wengi. Alimimina maji kutoka bilauri pana katika bilauri nyembamba, akauliza: Maji yameongezeka? Mtoto mdogo husema ndiyo, kwa kuwa yamepanda juu. Kama umri wa miaka saba hivi, husema hapana, ni yaleyale. Kwa hiyo, alisema Piaget, akili ya mtoto si ndoo tupu ya kujazwa, wala si akili ya mtu mzima iliyo ndogo. Hujijenga yenyewe kwa hatua, kwa kutenda juu ya vitu. Twaipokea hekima hii. Tena tunapenda kukumbusha kwamba Papa Mtakatifu Pio wa Kumi, mwaka 1910, alipotaka watoto wasicheleweshwe Komunyo, aliuweka umri wa kutambua kuwa kama miaka saba, akaagiza kwamba mtoto atakiwe kuelewa kwa kadiri ya uwezo wake, wala si kutakiwa elimu kamili. Laiti tungalimsoma Pio wa Kumi vizuri siku ile mezani!

Lakini kijana wetu hakusoma yaliyotokea bilauri zile zilipofika Afrika. Patricia Greenfield alizipeleka Senegali kwa watoto wa Wawolofu, akachapisha habari zake mwaka 1966. Watoto wengi ambao hawakwenda shule walisema maji yamebadilika, hata wale wenye umri mkubwa. Wapumbavu? Alipowasikiliza aligundua kwamba baadhi yao walidhani yule mgeni anayemimina ana nguvu fulani ya kuyageuza. Akawapa bilauri wamimine wao wenyewe; na majibu yakawa mengine. Jibu la mtoto hutegemea pia anayeuliza ni nani, na mtoto anamwonaje. Yule msichana wetu wa ndakala alisimama mbele ya watu wazima watatu wenye kalamu. Sokoni hakuwahi kutetemeka.

Kuna kisa kingine tunachokipenda zaidi, nacho ni cha Liberia. Wataalamu wa Marekani, pamoja na Michael Cole, waliwawekea wakulima wa Kikpelle vitu mchanganyiko, vyakula na vyombo na vifaa, wakawaambia wavipange pamoja vile vinavyofaa kuwa pamoja. Mkulima aliweka kisu na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa. Na akaongeza kwamba mtu mwenye hekima hupanga hivyo. Wageni waliandika: hawajui kupanga kwa aina. Mwishowe mmoja, kwa kuchoka, aliuliza: Na mpumbavu angepangaje? Hapo hapo mkulima akaweka vyakula na vyakula, vyombo na vyombo, sawasawa kama wageni walivyotaka tangu asubuhi. Mtu mwenye vipimo vya watu wengine na ajihadhari asije akapimwa yeye.

Turudi. Kijana anasema mtoto avumbue mwenyewe. Twauliza: atavumbuaje Utatu Mtakatifu? Tumwache pwani mpaka lini ndipo avumbue kwamba Neno alifanyika mwili? Imani huja kwa kusikia, na kusikia huhitaji msemaji. Yule Mwethiopia aliyekuwa akisoma nabii Isaya ndani ya gari lake alikuwa mtu mwenye akili na cheo. Filipo alipomwuliza kama anaelewa, hakujibu kwamba yuko katika kuvumbua. Aliuliza ataelewaje pasipo mtu wa kumwongoza, akamkaribisha apande.

Hata kati ya wataalamu wenyewe alikuwapo aliyeliona hili, naye ni Lev Vygotsky, Mrusi, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu. Yeye alisema: usimpime mtoto kwa anayoyaweza peke yake tu, tazama pia anayoyaweza akisaidiwa na anayejua zaidi, maana anachokifanya leo kwa msaada, kesho atakifanya peke yake. Nafasi iliyo kati ya hayo mawili ndiyo nafasi ya mwalimu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilifundisha jambo la jirani na hilo katika karne ya 13, alipomlinganisha mwalimu na mganga. Mwili ndio unaopona kwa nguvu yake, mganga husaidia. Akili ndiyo inayojua, mwalimu husaidia. Mzee wetu asahau kwamba mwili ndio unaopona, atampa mgonjwa dawa kwa nguvu hata imwue; kijana wetu akisahau kwamba mganga yupo, atawafunga waganga wote na kuwaacha wagonjwa wavumbue.

Na kukariri je? Hapa twataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo kijana alipopigiwa makofi mengi, na ndipo alipokosea zaidi.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885, alijifanya mwenyewe kuwa mwanafunzi na mwalimu. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, mamia kwa mamia, kisha akapima jinsi anavyosahau. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Kisha kusahau kukaenda polepole. Kumbukeni kwamba alichagua silabi zisizo na maana kwa makusudi. Sisi tunamchukua mtoto wa Kalemie na kumpa fungu la maneno asiyoyaelewa, yaani tunayageuza mafundisho ya Kanisa kuwa silabi za Ebbinghaus, halafu tunashangaa kwamba baada ya Pasaka hakuna kilichobaki.

Lakini sikieni upande wa pili. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, katika mji wa Saint Louis huko Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kujaribu kuikumbuka mara tatu. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yalipinduka: wale waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, na wale waliojitahidi kukumbuka, asilimia 61. Basi swali na jibu si adui wa akili! Kuulizwa, na kutafuta jibu ndani ya moyo wako bila kitabu, ndiko kunakolipigilia fundisho misumari. Wazee wetu walioulizana katekisimu njiani wakienda Misa hawakuwa wajinga hata kidogo.

Kosa letu liko wapi basi? Liko katika kwaya. Mwalimu anatamka, watoto mia wanarudia kwa sauti moja, na ukipita nje utasema: tazama jinsi wanavyojua! Kumbe katika sauti ile mia, ishirini wanajua na themanini wanabebwa. Hakuna anayekumbuka, wanafuata tu mdomo wa jirani. Huko ni kusoma mara nne. Unganisha na desturi yetu ya kumaliza somo Jumamosi hii na kutoligusa tena hadi siku ya mtihani, ndipo utakapoona kwa nini tunafuga kasuku. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1979 juu ya katekesi, alitetea waziwazi kazi ya kumbukumbu. Wala hakusema kumbukumbu isiyo na maana. Sala, Amri, maneno ya Bwana wetu, mtoto ayabebe kifuani. Siku atakayokuwa mgonjwa hospitalini, au amekimbia vita porini kama wengi wa jimbo hili walivyokimbia, hatakuwa na kitabu.

Tumesema kwamba Pavlov, Piaget na wengine kila mmoja alishika kipande cha mtu. Bado kipande ambacho sisi wa Tanganyika tungepaswa kukijua kuliko Geneva wala Petersburg. Nendeni pwani jioni, mtumbwi ukijiandaa kwenda kuvua. Utamwona kijana mdogo kati ya wavuvi. Hakuna anayemfundisha kwa maneno. Mwaka wa kwanza anakumba maji yanayoingia na kubeba taa. Baadaye anavuta kamba. Baadaye anaachiwa kasia. Na siku moja, bila sherehe, wanamwuliza yeye upepo utageuka saa ngapi. Mwanamke mmoja wa Marekani, Jean Lave, alikaa na mafundi cherehani wa Liberia, akaona kwamba mwanafunzi huanza na kushona vifungo na kupiga pasi nguo zilizokwisha, na kukata kitambaa huja mwishoni kabisa, kwa kuwa kosa la mkasi ni hasara. Anaanza mwishoni mwa kazi, ambapo anaiona nguo nzima. Naye hujifunza kwa kuwamo kati ya mafundi.

Hili Kanisa letu lililijua. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza ukatekumeni wa miaka minne kabla ya Ubatizo: miwili ya kuomba, miwili ya ukatekumeni wenyewe. Wamisionari waliopokea ngome ya Mpala kutoka kwa kapteni Storms mwaka 1885 walikuja na sheria hiyo. Miaka minne kwa nini? Kitabu kile kidogo mtu hukikariri kwa miezi. Ni kwamba alitakiwa kuishi kati ya Wakristu, kuona wanavyozika, wanavyosameheana, wanavyokula. Na ikumbukwe kwamba aliyeanza masomo yake Mpala, Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alitoa mwaka 1910 na 1911, akiwa bado mseminari, maandishi kwa Kifaransa juu ya saikolojia ya Wabantu, kabla ya kupadirishwa mwaka 1917 kuwa padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba saikolojia ni bidhaa iliyoletwa juzi na semina. Mtu wa kwetu aliandika juu yake kabla Watson hajapiga nyundo yake.

Mwanasaikolojia wa mwisho tutakayemtaja hapa ni Albert Bandura. Mwaka 1961, huko Stanford, aliwachukua watoto 72. Baadhi waliona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa ngumi na nyundo. Wengine waliona mtu mzima akicheza kwa utulivu. Hakuna mtoto aliyeambiwa afanye lolote, wala hakuna aliyelipwa. Walipoachwa na mwanasesere, wale walioona kipigo walipiga, tena kwa maneno yaleyale waliyoyasikia. Ninyi wazazi mnaowaleta watoto Jumamosi na kuwarudia Jumapili mchana, mkiwa hamkuingia Misani, someni kifungu hiki mara mbili. Na sisi makatekista tusomapo Amri ya nane, tukakimbilia nyumbani kuwasengenya wenzetu mbele ya watoto walewale, tukisome mara tatu.

Tunawaomba wenzetu wawili wajibu katika kurasa hizihizi, maana ubishi wa mkutanoni hupeperuka. Sisi kwa upande wetu tumekwisha kubadili mambo machache. Fimbo tumeitoa chumbani. Kwaya ya majibu tumeipunguza: kwanza swali linatolewa, watoto wote wananyamaza na kutafuta, kisha anaitwa mmoja. Swali la Jumamosi hii linarudi baada ya majuma matatu, bila taarifa, tena nje ya mpango wa kitabu. Kila mtoto anaombwa kwanza aseme kwa maneno yake, ndipo tunampa maneno ya Kanisa, tukimwonyesha kwamba maneno hayo yanashika kwa uthabiti kile alichokuwa akikitafuta. Waliopokea Komunyo mwaka jana wanakaa kila mmoja karibu na wadogo wawili. Na tumeleta viti na mikeka. Mtakatifu Agostino, akimwandikia Deogratias, shemasi wa Karthago, karibu na mwaka 400, hakuona haya kumwambia kwamba msikilizaji aliyechoka apewe mahali pa kukaa. Kazi ni ndefu kuliko zamani, na wenzetu wengine wananung'unika kwamba hatumalizi kitabu. Ni kweli, mwaka huu hatukukimaliza.

Yule msichana wa ndakala alirudi mwaka uliofuata, kama tulivyomhukumu. Tulimwuliza swali lilelile, sakramenti ni nini, naye akajibu kwa maneno ya kitabu bila kukosa hata neno moja. Tukamwuliza: Maana yake nini? Akatutazama mmoja mmoja, akasema: Niliwaambia mwaka jana.